Kufundisha Vijana Bayoanuwai ya Mimea kwa Mikoko, Kamba na Simu Moja

Mwalimu anayetaka wanafunzi wa miaka 14 hadi 17 waelewe bayoanuwai ya mimea hukutana mapema na kikwazo kimoja: msitu wenye mamia ya spishi huwachosha kabla hawajaweza kutofautisha hata tano. Kwa sababu hiyo, shule zilizo karibu na bahari zianze na mikoko. Pwani yote ya Kenya ina spishi 9 tu za miti hiyo, zina majina ya Kiswahili ambayo wavuvi na wakata boriti wanayafahamu, na tofauti zake huonekana kwa macho kwenye mizizi, majani na matunda. Hapa ninatumia mfano wa Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, ingawa utaratibu huu unafaa pia Mida, Lamu, Tanga au Rufiji.

Misitu ya mikoko ya Kenya imekuwa hifadhi ya serikali tangu 1932, kwa hiyo omba ruhusa kwa Shirika la Huduma za Misitu (KFS) na kwa chama cha jamii kinachotunza msitu husika. Huko Gazi wanakijiji wenyewe huendesha Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na msitu, ulioanzishwa mwaka 2013 ambao unalinda hekta 117, na mtu mzima wa kijijini akikubali kuongozana na darasa, mpe nafasi ya kusema kabla yako.

Baada ya ruhusa, soma jedwali la maji kwa makini. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hukaribia mita 4, na kupwa kwa mchana huangukia karibu saa nne asubuhi, jambo linalowawezesha wanafunzi kuufikia ukingo wa nje wa msitu ndani ya saa za shule. Ingieni saa mbili kabla ya maji kufikia mwisho wa kupwa, na mgeuke kurudi mara tu yanapoanza kujaa. Kila mmoja avae viatu vilivyofungwa, kwa kuwa chaza walioshika kwenye mizizi hukata nyayo vibaya.

Ziara ya kwanza ifanyike bila simu, na ninalisisitiza jambo hili kuliko jingine lolote. Kijana akipewa jina la mti na programu kabla ya kuuangalia, huacha kuuangalia. Wape penseli na daftari, uwagawe katika makundi ya watu watano, kisha kila kundi lichore mizizi ya miti mitatu tofauti na kueleza kwa maandishi jinsi inavyotofautiana. Wataona kwamba mkoko, ambalo hapa ni jina la spishi moja na si la mikoko yote, husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, mchu huchomoza mizizi myembamba ya kupumulia iliyo wima kama penseli, mlilana huwa na mizizi minene iliyochongoka juu, na muia, unaoitwa msinzi kwingine, hukunja mizizi yake mfano wa magoti. Waguse upande wa chini wa jani la mchu, ulio mweupe, na juu yake wakati wa jua kali, ambapo mara nyingi huonekana chembe za chumvi iliyotolewa na mti. Walitazame tunda la mkomafi, lililo mviringo na kubwa, na miche mirefu ya mkoko inayoota ingali inaning'inia mtini. Baada ya michoro kukamilika, kiongozi wa kijiji ataje majina na matumizi: mlilana kwa mataruma, yaani mbavu, ya jahazi, gome la mkandaa kwa rangi.

Simu huingia ziara ya pili. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo simu ya mwalimu mmoja kwa kila kundi inatosha. Kila mti upigwe picha nne: mti mzima, mizizi, jani pande zote mbili, na ua au tunda. Picha ya jani peke yake haitoshi, kwa kuwa mkoko, muia na mkandaa ni wa ukoo mmoja na majani yao hufanana. Kabla ya kuuliza Pl@ntNet, programu ya simu inayotambua mimea kwa picha na ambayo hutaka kuelezwa kama picha ni ya jani, ua, tunda au gome, wanafunzi waandike jibu lao na sababu mbili. Programu ikipingana nao, wasikubali haraka; warudi kwenye mti wakague tena mizizi.

Picha zilizo bora zipandishwe iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la picha za viumbe, ambako mtumiaji anapaswa kuwa ametimiza umri wa miaka 13. Hapo mtambuzi mwingine, pengine wa nchi ya mbali, anaweza kuthibitisha au kupinga. Uchunguzi wenye picha, tarehe na mahali, ambao zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wanakubaliana kuhusu spishi yake, hupata daraja la utafiti na unaweza kuingizwa katika hifadhidata ya kimataifa ya viumbe, GBIF. Miti iliyopandwa na watu ni lazima ielezwe hivyo, na Gazi ina mashamba ya mikoko yaliyopandwa miaka ya 1990.

Mashamba hayo ndiyo yanayonipa somo ninalolipenda zaidi. Tandazeni kamba kutoka baharini kuelekea nchi kavu, mpime viwanja vya mita 10 kwa 10 kandokando yake, kisha mpime kiwanja kingine ndani ya shamba lililopandwa. Mzingo wa shina hupimwa kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, ila kwa mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Takwimu zijazwe kwenye fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu inayofanya kazi bila intaneti, na jina la spishi lichaguliwe kwenye orodha ili pasiwe na tahajia tatu za mti mmoja.

Darasani, waonyeshe kwamba idadi ya spishi haitoshi kupima bayoanuwai. Kiwanja chenye miti 30 ya spishi tatu, 10 kwa kila moja, na kingine chenye miti 28, 1 na 1, vyote vina spishi tatu. Lakini ukigawanya idadi ya kila spishi kwa 30, ukazidisha kila jibu kwa lenyewe, ukajumlisha na kutoa jumla hiyo kwenye 1, cha kwanza hupata 0.67 na cha pili 0.13. Kijana aliyehesabu mwenyewe shamba ambalo karibu kila mti ni mkoko atajua 0.13 maana yake nini.

Nakala ya takwimu ipelekwe kwa chama cha jamii. Mkikusudia kupima viwanja hivyohivyo mwaka unaofuata, msitegemee simu pekee, kwa kuwa chini ya matawi mahali inapoonyesha huweza kukosewa kwa mita kadhaa. Pigilieni vigingi kwenye pembe nne, kwa idhini ya wenye msitu, na mwandike nambari kwenye kila kigingi.