Ndege ya Mombasa Ikifutwa JKIA: Namna ya Kuhamia Treni

Abiria wa Mombasa ambaye ndege yake imefutwa au kuahirishwa kwa saa nyingi katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hana haja ya kurudi mjini Nairobi, kwa kuwa stesheni ya SGR, yaani reli ya kisasa ya Nairobi hadi Mombasa, iko Syokimau, mwendo mfupi wa gari kutoka uwanjani. Mimi ni wakala wa usafiri, na wateja niliowahamisha kwa njia hii ni wengi. Kinachoamua kama safari itaokoka ni mpangilio wa hatua, kwa sababu anayekimbilia teksi kwanza huweza kufika stesheni akakuta treni imejaa, na huku tiketi yake ya ndege ameiacha bila kuishughulikia.

Hatua ya 1: Kata tiketi ya treni ukiwa bado kwenye foleni

Piga *639# au ingia kwenye tovuti ya Shirika la Reli la Kenya, weka namba ya kitambulisho au ya pasipoti utakayosafiri nayo, kisha ulipe kwa M-Pesa papo hapo. Kwa nauli zilizoanza kutumika Januari 2024, daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza ni shilingi 4,500. Treni ya alasiri kwa kawaida huondoka saa tisa, na ya usiku saa nne. Ikiwa saa saba mchana imepita na mzigo wako bado uko mikononi mwa shirika la ndege, nakushauri uchukue ya usiku.

Hatua ya 2: Malizana na shirika la ndege

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Tiketi ya kwenda na kurudi huhesabiwa kuwa safari moja, na abiria asiyetokea kwenye kipande cha kwanza huweza kufutiwa vipande vyote vinavyofuata bila kuarifiwa, hata kama ndege ile ilichelewa kwa saa sita. Kwa hiyo mwambie mhudumu waziwazi kwamba hutasafiri tena na ndege hiyo lakini utarudi kwa tiketi ileile, umwombe aondoe kipande cha kwenda na kuthibitisha cha kurudi, na usiondoke dawatini kabla uthibitisho haujaingia kwenye simu au barua pepe yako. Ndege ikiwa imefutwa, dai kurudishiwa nauli ya kipande hicho, na usikubali kubadilishiwa tarehe kama huihitaji. Omba pia maandishi yanayoeleza sababu ya kufutwa, kwa maana kampuni ya bima ya safari haitakulipa kwa maneno matupu.

Hatua ya 3: Chukua mzigo na uupange upya

Kama umeshapita ukaguzi, mhudumu ndiye wa kukutoa na kuagiza mzigo ushushwe. Kile kipande cha karatasi chenye namba ya mzigo kitunze. Kisha fungua begi. Kisu cha jikoni kilichoruhusiwa kwenye buti la ndege hakitapita Syokimau, ambako kila begi hupitishwa kwenye mashine, na chupa ya pombe uliyonunua uwanjani nayo utanyang'anywa.

Hatua ya 4: Fika stesheni saa moja kabla

Mabegi hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wayanuse, kisha hufuata mashine na ukaguzi wa kitambulisho. Chapisha tiketi yako kwenye mashine za stesheni, na uangalie kwamba namba iliyo juu yake inalingana na kitambulisho ulichoshika.

Hatua ya 5: Panga mapokezi ya Miritini

Safari huchukua takribani saa tano au sita, na treni haiishii mjini Mombasa bali Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, kwa hiyo mjulishe anayekupokea kabla hajakwenda uwanja wa ndege. Treni ya usiku hufika kabla ya alfajiri, na gari la kukuchukua ni bora liwe limeagizwa mapema. Anayekwenda Diani, pwani ya kusini, amwambie dereva apitie barabara ya Dongo Kundu, inayoanzia upande huohuo wa Miritini, ili asilazimike kuingia kisiwani na kupanga foleni ya feri ya Likoni.