Unatafuta mtu wa kumwangalia mzazi nyumbani? Soma hii kabla hujatuma pesa (Kenya)

Mzazi akitoka wodini baada ya stroki, watu huanza kupiga simu huku na kule "nasi (muuguzi) wa nyumbani ni pesa ngapi", na hapo ndo pesa zinaanza kumwagika manake hamjajua mnalipia kazi gani. Kaa kwanza uandike mgonjwa anahitaji nini kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane. Kama ana mpira wa mkojo, analishwa kwa mpira wa puani au ana kidonda cha kusafishwa, hiyo ni kazi ya nasi aliyesomea. Lakini kuoshwa, kulishwa, kubadilishwa pampasi, kugeuzwa kitandani kila masaa mawili asitoke vidonda vya kulalia, hiyo mhudumu aliyefunzwa anaifanya vizuri tu kwa bei nafuu zaidi. Mnaweza kuchanganya, mhudumu akae kila siku halafu nasi apite mara moja mbili kwa wiki, badala ya kulipa nasi mwezi mzima kumpikia mzee uji.

Kabla hamjatoka hospitali muulizeni nasi mkuu wa wodi, hao wanajua watu, na muombe huyo mtakayemchukua aje aonyeshwe kazi palepale wodini. Kama ni saratani, piga simu hospisi, hao kazi yao ni kutuliza maumivu ya wagonjwa kama hawa, Nairobi Hospice ipo tangu 1990 na Mombasa kuna Coast Hospice, usingoje mpaka maumivu yazidi.

Ukipitia ajensi, swali langu la kwanza huwa ni hili: katika hii pesa ninayolipa, mfanyakazi mwenyewe anabaki na ngapi? Wakijizungusha ujue anapata kidogo, na atakutoka mwezi wa pili mama akiwa ndo amemzoea. Akisema ni nasi, taka namba yake ya leseni uiangalie kwenye rejista ya Nursing Council of Kenya, iko mtandaoni. Kama ni mhudumu, mwambie akuonyeshe anavyomtoa mgonjwa kitandani mpaka kwenye kiti, utajua kila kitu kwa hayo madakika. Na yule wa Facebook anayetaka ada ya usajili kwa M-Pesa kabla hujaona mtu, achana naye.

Sasa pesa. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usiitegemee imlipe mtu wa kukaa na mama nyumbani, lakini lipa, asiye na mshahara kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi na hulipwa ya mwaka mzima, ndo mkirudi hospitali bili isimeze pesa ya mhudumu. Kama mzee ana miaka 70 na zaidi nenda kwa chifu uulizie Inua Jamii, pesa ambazo serikali huwapa wazee, ni 2,000 kwa mwezi na huchelewa, ila pampasi chache zinapatikana. Kama hatatembea tena, ulizia pia kadi ya watu wenye ulemavu.

Zinazobaki ni za familia, na hapa ndo kuna vita. Fanyeni mchango wa kila mwezi wa kiasi kinachojulikana, sio "nitatuma nikipata", mtu mmoja ashike pesa na kila mwezi aweke matumizi kwenye grupu na risiti. Halafu yule dada aliyeacha biashara yake akae na mama msimdai mchango, ameshalipa kuliko nyote, na mkiweza mtoleeni kitu kila mwezi kama vile mngemlipa mgeni.

Mhudumu mwandikie mkataba, sheria ya kazi inataka maandishi ikiwa ni miezi mitatu au zaidi. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka 16,113.75 kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi na Mombasa, na huyu anainua mtu mzima, kwa hivyo usianzie hapo. Kuna NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA yake pia. Ana haki ya siku moja ya ofu kila wiki, ipangeni mapema nani atashika zamu, na wavulana wa familia waingie kwenye hiyo ratiba, pampasi ya baba haina jinsia.