Saa 48 zinaanza kuhesabiwa lini?

Mtoto katapika usiku. Asubuhi kaamka mchangamfu, anaomba chapati na kumkimbiza mdogo wake sebuleni. Kwa mazoea ya nyumbani huyo kapona, mvalishe sare aende. Hapa Uingereza ukifanya hivyo, utapigiwa simu kabla ya saa sita mchana uje kumchukua, na wewe uko kazini, zamu haijafika hata nusu.

Kanuni ya NHS, huduma ya afya ya taifa ya hapa, ni fupi: aliyetapika au kuharisha asirudi shule wala chekechea mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Maneno ya kushika hapo ni "mara ya mwisho". Wengi wetu tunahesabu tangu ugonjwa ulipoanza, au tangu mtoto alipokula akashiba, au tunahesabu siku mbili za kalenda na kuona zimetimia. Hesabu haiendi hivyo. Akitapika Jumatatu asubuhi, akatulia, halafu akaharisha Jumanne saa tatu usiku, Jumatatu isahau. Saa 48 zinaisha Alhamisi saa tatu usiku, kwa hiyo shule ni Ijumaa. Na ikitokea tena Alhamisi jioni, saa inarudi sifuri. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo andika. Mimi huandika kwenye karatasi iliyobandikwa friji: siku, saa, katapika au kaharisha. Ukiwa umeamshwa usiku mara nne huwezi kukumbuka ipi ilikuwa ya mwisho, na baba akiulizwa atasema nyingine kabisa.

Tena iandike saa hiyo kwa mtindo wa Kizungu, maana hapa tuna mtego wetu wenyewe. Mwaka mmoja mwanangu aliharisha mara ya mwisho Jumanne saa nne asubuhi. Nilipopiga simu shuleni, kichwa kikiwa kizito kwa usingizi, nikaitafsiri saa nne kama ilivyo, yule mama wa ofisini akaelewa ni alfajiri kabla hakujakucha. Akanipigia hesabu na kuniambia nimlete Alhamisi asubuhi. Nilifurahi, nikaenda hadi kupiga pasi sare, ndipo nikakumbuka nimemwambia nini. Ikabidi nipige tena kujisahihisha, na mtoto akarudi Ijumaa.

Kwa nini wamng'ang'anie mtoto ambaye anaonekana mzima? Sababu kubwa ni norovirusi, kirusi kinachosambaa sana majira ya baridi. Anayeumwa huambukiza zaidi wakati anatapika na kuharisha na katika siku mbili zinazofuata, ingawa kirusi kinaweza kuendelea kutoka kwenye choo chake kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Saa 48 hazimaanishi kwamba amesafika kabisa. Ni kiasi ambacho shule na wazazi wanaweza kukistahimili. Na ile dawa ya mikono ya jeli tuliyoizoea tangu Korona haikiui vizuri kirusi hiki: ni maji na sabuni. Sakafu na choo visafishwe kwa jiki, na mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake kwa maji ya moto, nyuzi 60.

Usijaribu kukata njia kwa kumpa dawa ya kuzuia kuharisha. Kwa watoto walio chini ya miaka 12 dawa hizo hazitolewi bila ushauri wa daktari. Kinachohitajika ni maji: kidogo kidogo, mara kwa mara, na anayenyonya aendelee kunyonya. Pakiti za chumvi za kuongeza maji, ORS kama tunavyoziita, zinapatikana duka la dawa bila cheti, na mfamasia atakueleza kipimo. Bibi akipiga simu kutoka Tanga na kuamuru uji mwepesi, mtii, hakuna ubaya. Akisema soda iliyotolewa gesi, hapo mkatalie kwa adabu. Soda na juisi za matunda huzidisha kuharisha.

Kuna hali ambazo hazingoji hesabu ya saa. Damu kwenye choo, kutapika kunakozidi siku mbili, kuharisha kunakozidi siku saba, mtoto asiyeweza kubakiza hata maji, mchanga ambaye nepi zake hazilowi kama kawaida: piga 111, namba ya ushauri ya NHS, ni bure, na unaweza kuomba mkalimani. Akitapika damu au matapishi ya kijani, au akipata maumivu makali ya tumbo ya ghafla, nenda hospitali idara ya dharura au piga 999, namba ya dharura.

Na kama mmerudi karibuni kutoka likizo nyumbani, sema. Sema kwa daktari hata kama hajauliza. Homa ya matumbo (taifodi) na kuhara damu vina masharti yake. Ikithibitishwa ni taifodi, au shigela (bakteria wa kuhara damu), au aina kali ya bakteria E. koli, wataalamu wa afya ya jamii ndio wanaoamua siku ya kurudi shule, na huenda wakataka choo kipimwe kwanza. Hapo saa 48 zinaweza zisitoshe.

Shule ijulishwe asubuhi ya siku ya kwanza, kabla kengele haijalia. Taja kuharisha au kutapika wazi, usiseme tu "anaumwa", kwa sababu wanahitaji kujua kama kuna wengine darasani. Siku za ugonjwa hazileti faini ya utoro ile inayotutisha sote, na kwa kawaida hawahitaji barua ya daktari kwa tumbo la siku mbili. Kama alitapika kwa sababu ya gari au kikohozi kilichombana, waeleze, lakini uamuzi waachie wao.

Kazini je? Mwajiriwa ana haki ya kuomba muda wa dharura kumshughulikia mtoto, tangu siku yake ya kwanza ya ajira, ingawa mwajiri halazimiki kuulipia. Na wewe mwenyewe ukishikwa na tumbo, saa 48 ni zako pia, hasa ukiwa kwenye kea, yaani kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, au jikoni. Najua tunavyobana meno tukaenda kwa sababu ya kodi ya nyumba. Kwa mzee wa miaka 85 unayemhudumia, huo si ugonjwa wa siku mbili.

Ndugu zetu walioko Marekani wasinukuu haya neno kwa neno. Huko shule nyingi huhesabu saa 24, na kila wilaya ina kitabu chake cha kanuni, kwa hiyo soma cha kwenu.

Siku ya kurudi, mfungie nguo za akiba kwenye begi. Kuogelea kuna sharti la ziada: maabara ikikuta kriptosporidiamu, kijidudu kinacholeta kuharisha, hakuna bwawa mpaka wiki mbili zipite tangu kuharisha kukome, hata kama darasani ameruhusiwa.