Tanga hadi Mkoani: kukokotoa uelekeo wa kukata mkondo

Mkondo wa pwani yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongezeka nguvu. Ukitoka Tanga na kuelekeza omo (mbele ya chombo) kwenye bandari ya Mkoani, Pemba, moja kwa moja, utajikuta upande wa kisiwa cha Misali, kwenye matumbawe.

Anza na mstari wenyewe. Tanga ni takriban 5°04′ kusini, 39°06′ mashariki. Mkoani 5°22′, 39°39′. Kwenye latitudo, dakika 1 ni maili 1 ya bahari (mita 1852), hivyo unashuka maili 18. Dakika 33 za longitudo zidishe kwa cos 5.2° (latitudo ya katikati ya safari): maili 32.9. Gawanya 32.9 kwa 18, bonyeza tan⁻¹, upate nyuzi 61 kutoka kusini kuelekea mashariki, yaani 119° kutoka kaskazini halisi. Umbali ni maili 37.5. (Safarini anzia hesabu nje ya mlango wa bandari, si mjini.)

Sasa mkondo. Tuseme chombo kinakwenda maili 8 kwa saa, mkondo maili 2 kuelekea 000° (kaskazini). Pembe kati ya mstari wako na mkondo ni 119°.

2 ÷ 8 × sin 119° = 0.219, sin⁻¹ yake ni karibu 13°.

Mkondo unakusukuma kushoto, kwa hiyo jumlisha: shika 132°. Ukitoa badala ya kujumlisha, kosa linakuwa maradufu. Kisha rekebisha tofauti ya kaskazini ya sumaku iliyochapwa kwenye ramani. Ikiwa ya magharibi, jumlisha.

Mwendo halisi: 8 cos 13° + 2 cos 119° = maili 6.8 kwa saa. Safari ni saa 5 na nusu, si 4 na dakika 40. Mafuta yapimwe kwa hiyo.

Kabla ya yote, jaribu sin 30 kwenye kikokotoo. Isipotoa 0.5, kimewekwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe) badala ya nyuzi na majibu yote ni bure.

Njiani, soma GPS kila nusu saa: uwe umeshuka kusini dakika 1.6 na kwenda mashariki dakika 3. Usiitazame longitudo peke yake, maana mkondo wa kaskazini hauigusi. Itaonyesha mambo shwari huku unachukuliwa. Latitudo ikishuka dakika 1 tu, mkondo una maili 3 na ushei: kokotoa upya kuanzia hapo ulipo.