Namna ya kuendesha somo la malaika walioanguka, kwa walimu wa dini Unguja na Pemba

Somo hili huharibika kabla Biblia haijafunguliwa, na kinacholiharibu ni neno moja: shetani. Kwa mtu aliyekulia Wete au Ng'ambo, shetani si lazima awe adui wa Mungu. Ana kabila lake, ana ngoma yake, ana anachokitaka. Katika makabila hayo ya mashetani, ruhani hupenda ubani na marashi, kibuki hutaka pombe, rubamba ni wa Pemba. Mtu husemwa "ana shetani" kama mwingine anavyosemwa ana baridi yabisi. Tena kibuki, wanaodaiwa kutoka Bukini (Madagaska), wenyewe husemwa kuwa ni Wakristo! Sasa mwalimu akisimama na kutamka "Shetani ni malaika aliyeasi" bila kutengua fundo hilo kwanza, nusu ya darasa itakuwa inamfikiria jirani aliyepungwa wiki iliyopita.

Panga dakika 90 kwa watu 12 mpaka 15. Jumapili saa 9 hadi saa 10 na nusu alasiri inafaa, kwani watu wanafika kwao kabla ya magharibi. Adhana ya alasiri itaingia katikati. Nyamaza, itumie kubadili karatasi. Kipaza sauti usikitumie hata kama kipo. Maneno kuhusu Ibilisi yakipenya dirishani nusunusu, mtaa mzima utadhani unasemwa wao. Vifaa ni Biblia moja kwa kila watu watatu, zote za tafsiri moja (Union Version ya 1952 ndiyo walio nayo wengi), karatasi 2 za manila, na kalamu 2 za wino mzito.

Gawa karatasi ya kwanza safu tatu: "Aya inasema", "Kanisa limefundisha", "Husemwa mtaani". Kila jambo litakalotajwa, lako au la mwanafunzi, lazima lipate safu yake kabla halijajadiliwa. Ukiliachia hili likalegea, hata upange vipi dakika zako, somo halitasimama.

Dakika 20 za mwanzo ni za maneno. Kwa Kiebrania satan ni mpinzani, mshitaki. Katika Ayubu 1:6 neno hilo lina kiambishi cha kubainisha, kama kusema "yule mshitaki", yaani cheo zaidi kuliko jina. Ibilisi limetufikia kwa Kiarabu, na katika Agano Jipya la Kiswahili linasimama badala ya diabolos la Kigiriki, msingiziaji. Pepo ndiye anayetolewa katika Injili. Hapo simama kidogo, maana neno la sura hiyohiyo, pepo, ndilo lililomo katika peponi, alikoahidiwa yule mhalifu msalabani katika Luka 23:43. Mwanafunzi mgeni wa Kiswahili cha Biblia huchanganyikiwa kabisa: vipi pepo mchafu atoke peponi? Andika maneno mawili hayo mbalimbali, kwa rangi mbili.

Jini litatajwa, hilo halina shaka. Eleza kwa adabu na kwa usahihi: katika Kurani 18:50 Ibilisi alikuwa miongoni mwa majini, akakataa kumsujudia Adamu, na majini wameumbwa kwa moto, wako waumini na wako wasioamini. Mafundisho ya Kikristo hayana kundi hilo la tatu kati ya malaika na binadamu. Mkristo anaposema Shetani, anasema malaika. Mwanafunzi wako ana shangazi Mwislamu, pengine na mume Mwislamu. Anachohitaji ni kujua imani yake inasema nini, na ya jirani yake inasema nini, bila kuzikoroga katika chungu kimoja.

Baada ya hapo fungueni aya, dakika 40, na mpangilio ni muhimu. Walimu wengi huanza na Isaya 14 kwa kuwa ndiyo maarufu, na hapo ndipo wanapoteleza. Anza na zilizo wazi. Yuda 6: malaika hawakuilinda enzi yao, wakayaacha makao yao, wamewekwa katika vifungo. 2 Petro 2:4: malaika waliokosa walitupwa shimoni, kitenzi cha Kigiriki kilichotumika kimetokana na Tartaro, shimo la adhabu kuzimu katika hadithi za Wagiriki, na hakionekani pengine popote katika Agano Jipya. Mathayo 25:41: moto wa milele umewekwa tayari kwa Ibilisi na malaika zake. Kutoka aya hizi tatu darasa linapata mambo matatu tu: wapo malaika waliokosa, wamehukumiwa, na Ibilisi ana wafuasi. Lini waliasi? Wangapi? Aya hazisemi. Acheni nafasi wazi kwenye safu ya kwanza, ionekane.

Ufunuo 12 ndipo inapotoka ile "theluthi ya malaika" inayohubiriwa kila mahali. Msomaji mmoja asome mstari wa 4 polepole. Yaliyokokotwa na mkia wa joka ni theluthi ya nyota. Kuzisoma nyota hizo kuwa malaika ni kwa kuunganisha na mstari wa 9, ambapo joka anatupwa pamoja na malaika zake. Ni usomaji wa zamani na unaheshimika, ila ni usomaji, basi uende safu ya pili. Waulize pia: mtoto anazaliwa mstari wa ngapi? Wa 5. Vita vya Mikaeli viko wa 7. Anayesema maono haya yanasimulia tukio la kabla ya kuumbwa dunia ana kazi ya kueleza mpangilio huo.

Sasa Isaya 14:12, "nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi". Kabla ya kusoma mstari wa 12, lazimisha usomwe wa 4, ambao unasema waziwazi kuwa utenzi huu ni juu ya mfalme wa Babeli. Ezekieli 28 vilevile, anayeombolezewa ni mfalme wa Tiro. Mababa wa Kanisa, Origen akiwemo, waliona nyuma ya wafalme hao anguko la Shetani. Jina Lusifa halimo katika Kiebrania. Ni neno la Kilatini la nyota ya asubuhi, lililomo katika tafsiri ya Biblia ya Kilatini ya Jerome. Tafsiri hiyohiyo inalitumia tena kwa maana njema katika 2 Petro 1:19, juu ya nyota inayozuka mioyoni. Na Ufunuo 22:16 Yesu mwenyewe anajiita nyota ya asubuhi. Darasa huchangamka sana hapa, usiwakate.

Mwanzo 6:1-4 iwe ya mwisho, kama muda upo. Wana wa Mungu na binti za wanadamu waliwapa Wayahudi wa kale hadithi ndefu iliyomo katika Henoko wa Kwanza: malaika 200 wanashuka juu ya mlima Hermoni. Kitabu hicho kimo katika Biblia ya Kanisa la Othodoksi la Ethiopia, hakimo katika ya Wakatoliki wala ya Waprotestanti. Augustino alikataa usomaji huo, akasema wana wa Mungu ni uzao wa Sethi, mwana wa Adamu. Dakika 5 zinatosha, la sivyo mtakesha kwa Wanefili, yale majitu ya mstari wa 4.

Karatasi ya pili ni ya asili na hali yao, dakika 15. Mstari wa juu kabisa, kwa herufi kubwa: WALIUMBWA WEMA. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulitamka kwamba Ibilisi na mashetani wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili, wakawa waovu kwa kujitakia wenyewe. Kwa hiyo hakuna mungu wa pili wa giza, na uovu si kitu kilichoumbwa. Chini yake: ni roho bila mwili, wana akili na hiari, nguvu zao zina mpaka. Kosa lao? 1 Timotheo 3:6 imewafanya wengi waseme kiburi. Hekima 2:24, kwa wenye kitabu hicho katika Biblia yao, inataja husuda. Na kwa nini hawatubu? Yohane wa Damasko alijibu kwamba anguko kwa malaika ni kama kifo kwa binadamu: baada yake hakuna toba. Si kwamba rehema imepungua; uchaguzi wao ulikuwa kamili, bila kusitasita kwetu. Likieleweka hili moja, dakika 15 hazikupotea.

Maswali, dakika 15. Pemba hulikosi la popobawa, pepo anayesemwa huvamia watu usiku, aliyevuma kutoka huko mwaka 1995 hadi Unguja. Je, ni malaika aliyeanguka? Biblia haina daftari la majina na makabila ya pepo. Mwandike safu ya tatu, msonge mbele. Swali zito zaidi ni hili: maovu yetu tunayatenda wenyewe au tunatendeshwa? Kama mko mjini, jibu liko Mkunazini. Mbele ya altare ya Kanisa Kuu la Anglikana, sakafuni, pana duara la marumaru linaloonyesha ulipokuwa mti wa kufungia na kuchapia watumwa. Waliofunga kamba zile walikuwa watu. Kishawishi hakimwondolei mtu hiari yake, ndivyo Kanisa linavyofundisha.

Atakayebaki nyuma kunong'ona kwamba yeye au mwanawe anasumbuliwa usimwombee kwa kelele palepale. Msikilize, muulize kama ameshafika hospitali, kisha mpeleke kwa padre au mchungaji. Kwa Wakatoliki, ibada kuu ya kupunga pepo haifanywi na padre yeyote bila ruhusa wazi ya askofu, sembuse mwalimu.

Karatasi za manila ziviringe uondoke nazo. Ukumbi wa kukodi wa leo ni chumba cha tuisheni kesho asubuhi, na mtoto atakayelikuta neno shetani ukutani kwa wino mwekundu atakwenda nalo nyumbani.