Mashine ya boti haiwaki: kagua umeme kwanza

Ukizungusha ufunguo na stata (mota ndogo inayozungusha mashine ili iwake) ikalia "tik" moja tu, usikimbilie kununua stata mpya. Mara nyingi kosa liko kwenye betri au vichwa vyake: chumvi ya bahari hula shaba na kuacha unga wa kijani unaozuia umeme kupita.

Pima betri kwa mita ya volti mashine ikiwa imezimwa. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6, ikiwa chini ya 12.2, ichaji kwanza. Kisha mwenzako azungushe ufunguo huku ukitazama mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka.

Ikibaki juu na stata haizunguki, fuata nyaya. Gusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha mashine, ufunguo uzungushwe tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa hasi umeoza au haujakaza, na kuoza huko hujificha ndani ya ganda la plastiki. Fungua hasi kwanza, sugua kwa msasa, kaza, paka grisi.

Kimya kabisa? Hakikisha gia iko frii, halafu angalia fyuzi. Usiweke kubwa kuliko iliyoandikwa, waya utashika moto karibu na petroli.

Stata ikizunguka vizuri bila mashine kuwaka, tazama kamba ya swichi ya kuzimia kabla hujagusa plagi. Kamba hiyo ikichomoka, cheche hazitoki.