Jinsi ya kujua wazee wako wa zamani waliishije na familia zao

Usianze na yule wa mbali. Anza na wewe, wazazi, babu na bibi, na kila kizazi upate karatasi inayokiunganisha na kilichotangulia, maana majina yanafanana balaa, ukiruka hatua moja tu unajikuta umechimba ukoo wa watu usiowajua.

Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo vitakupa tarehe, sawa, ila mambo ya nyumbani yako kwenye sensa, pale unaona nani alikuwa anaishi na nani, umri wao, kazi zao. Sensa ya Uingereza ya 1911 iliwauliza hadi wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai (za Marekani za 1900 na 1910 nazo ziliuliza hivyo hivyo), kwa hiyo ukikuta saba wamezaliwa, wanne wapo, kuna watatu ambao huenda nyumbani hawajawahi hata kutajwa, kawatafute kwenye rejista za mazishi.

Halafu chukua sensa mbili zilizofuatana uzisome pamoja, hapo ndo utamu ulipo. Mke kawa mdogo kwa miaka kumi na tano? Huyo huenda ni mke mwingine, tafuta kifo na ndoa katikati hapo. Mtoto hayupo? Usimzike haraka, angalia kwanza kwa shangazi au kwa bibi. Na yule kitinda mimba wa mama wa miaka hamsini, huenda ni mjukuu, binti alizaa nyumbani wakafichiana aibu.

Umri usiuamini sana. Sensa ya Uingereza ya 1841 wenye zaidi ya miaka 15 walishushwa hadi kwenye tano ya karibu, yaani wa 34 anaandikwa 30. Majina nayo mara nyingine karani aliandika alivyosikia, ukikwama tafuta kwa majina ya watoto na mahali.

Kama wazee wako walikuwa watumwa Marekani, kabla ya sensa ya 1870 wengi hawakuandikwa majina, za 1850 na 1860 ziliweka umri, jinsia na rangi, bila majina kwa kawaida, chini ya jina la bwana wao, kwa hiyo hapo inabidi umfuatilie huyo bwana, wosia wake na karatasi zake za mauzo.

Wosia wa wazee wako wenyewe pia usome wote, ila jina la mtoto lisipokuwemo usiseme alinyimwa, inawezekana alishapewa chake mapema.